Mstari Uliokatika

Mbumbuni, Makueni
6 Septemba 2025

Mama Kalekye wangu,

Kabla hujauliza, mimi ni mzima, mama yangu ni mzima, na kwaya wanaimba vibaya tangu uondoke. Mishi akija huko na gari lake la mikeka kuchukua viondo, atakupa barua hii pamoja na sabuni na sukari. Amenicheka sana. Eti nauza vitu mtandaoni kutwa nzima, halafu nikitaka kuongea na rafiki yangu natafuta kalamu kama babu. Nikamwambia anyamaze, anajua vizuri kwa nini huna simu.

Sasa sikia habari. Nilienda semina ya biashara ya mtandaoni kule Wote na nimerudi mtu mwingine kabisa. Mwalimu alituambia kosa letu sote ni moja: tunaweka kiondo juu ya kiti cha plastiki, tunapiga picha, tunaandika bei, halafu tunangoja. Alisema mteja hanunui kiondo, ananunua mtu aliyekisuka. Anataka kuona mikono ikifanya kazi. Anataka kujua kimetoka wapi na kinasaidia nani. Ukimjibu upesi anakuamini. Na ukilipia tangazo kidogo tu, peji inawatafutia video yako watu wa eneo unalochagua wewe, hata kama hawakujui wala hawakukutafuta.

Kwa hivyo nimefanya kitu, na tafadhali usiruke juu. Unakumbuka Mishi alipokurekodi ukisuka, ukamfukuza na mwiko? Mimi ndiye niliyemtuma. Uso hauonekani hata kidogo, nimeukata. Ni mikono tu, na kiondo, na ukuta. Sikuandika jina lako. Niliandika hivi: "Mama anamsukia binti yake karo." Nikalipia tangazo, nikachagua Makueni na Kitui.

Woi, Mama Kalekye, simu haitulii! Viondo vyote vimeisha, hata kile nilichokuwa nabebea mboga. Wanachogombania ni vile vya mstari wa mama yako, ule mwekundu unaokatika. Tuma vingine haraka. Karo ya Kalekye itatoka hapa, wewe ngoja uone.

Ni mimi rafiki yako mwenye mdomo mrefu,
Ndinda


Mutomo, Kitui
14 Septemba 2025

Ndinda,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika katikati nikaingia ndani na kufunga mlango, ndipo nikamaliza.

Naomba utoe hiyo video. Itoe kabla hujamaliza kusoma hapa.

Unaniambia umekata uso. Mwangangi, tangu anioe, hajawahi kunitazama sana usoni, lakini mikono yangu anaijua. Hiki kidole cha mkono wa kulia ni yeye aliyekipinda, baada ya wazee wa kanisa kutuombea na kutupatanisha kwa mara ya pili. Au umesahau? Nilipotoroka mara ya kwanza kwa shangazi huko Kanyangi alinifuatilia kupitia ile simu aliyoniletea kama zawadi. Fundi wa simu, nani angemshinda? Nilipiga ripoti polisi, nikaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani. Ndiyo maana siku hizi sigusi simu ya mtu. Na yako ndiyo siiamini kabisa, kwa sababu ilishawahi kufunguliwa juu ya meza yake kioo kilipovunjika.

Halafu Ndinda, wewe ni Mkamba au ni wa kutoka wapi? Tangu lini kwetu kiondo kikahitaji sura ya mtu? Mama zetu walikuwa wakiona kiondo sokoni wanasema hiki ni cha fulani, kabla hata hawajamtazama aliyekibeba. Ule mstari wa mama yangu kila mtu hapo Mbumbuni anaujua. Nyuzi nyekundu zilimwishia, akasita, akaendelea na za kahawia, kisha akaupenda mwanya ule, akawa anauacha kwa makusudi kwenye kila kiondo. Mwangangi alibeba mahindi kwa viondo vya mama mkwe wake miaka yote hiyo. Ni kama umebandika jina langu ukutani.

Kalekye ameanza shule hapa. Ana rafiki, analala bila kushtuka. Akinipata tena sitaweza kutoroka mara ya tatu, na alishasema mbele ya mtoto atafanya nini safari hii. Sitaki kuliandika.

Nakupenda lakini nimekasirika. Nijibu haraka.

Syombua


Mbumbuni
20 Septemba 2025

Mama Kalekye,

Nimelia kidogo, nimekunywa chai, sasa naandika. Pole. Nilipaswa kukuuliza. Nilijua utakataa, ndiyo maana sikuuliza.

Lakini acha nikutulize. Mwangangi yuko hapa, namwona kila siku akifungua duka lake, anasalimia watu, Jumapili anatoa shuhuda. Hajaniuliza lolote. Huyo mtu mambo yake ni betri na vioo, atatazama saa ngapi video za wanawake wakisuka? Wanaonunua ni akina mama. Naomba niiache mpaka mwisho wa mwezi. Tangazo nimeshalilipia, na nikiitoa sasa peji inashuka, mwalimu alituonya.

Ngoja nikuambie kuhusu mteja mmoja ili ujue ni watu wa namna gani. Anaitwa Nzilani, picha yake ni ua. Huyo mama anakupenda! Aliiona video siku ya kwanza. Amenunua viwili na ananiandikia karibu kila siku, na mimi namjibu papo hapo kama tulivyofundishwa. Anauliza mambo ambayo wengine hawaoni. Aliniuliza kama fundi ni wa mkono wa kushoto, kwa sababu mishono imelalia upande ule mwingine. Mimi ninayekujua tangu darasa la kwanza sikuwa nimegundua kwamba mishono hulala! Nikamwambia ndiyo, umeona vizuri. Akauliza mtoto wa huyo mama ana umri gani, apate kumtumia daftari. Akauliza viondo vinatoka soko gani, angependa kuja kuchukua mwenyewe. Sikumtajia soko, mimi si mjinga. Nilimwambia tu ni huko Kitui kusini.

Nilipomwambia anipe muda nikuulize kuhusu oda kubwa, hakunisumbua. Aliandika: "Tusikimbizane, dadangu. Nitangoja." Sasa mtu mpole kama huyo utamwogopa?

Andika kwamba umenisamehe.

Ndinda


Mutomo
23 Septemba 2025

Ndinda,

Huyo ni yeye.

Tusikimbizane. Hilo neno alikuwa akilisema akizungusha ufunguo. Alikuwa anafunga mlango, anaweka ufunguo mfukoni mwa shati, anavua saa, anaiweka mezani polepole, na kusema, "Tusikimbizane, Syombua." Hapakuwa na haraka yoyote. Nimelisikia neno hilo kwa miaka na sijawahi kumwambia mtu, hata wewe, kwa hivyo sikulaumu kwamba hukulijua.

Umemwambia Kitui kusini. Huku masoko ni mangapi? Kanyangi, Mutomo, Ikutha, na mengine madogo ya kuhesabika. Umemwambia nina mtoto. Umemwambia mkono wa kushoto.

Usimjibu tena. Toa video. Mishi asiandike jina langu mahali popote. Siwezi kuendelea.

S.


Mbumbuni
4 Oktoba 2025

Mama Kalekye,

Niliitoa siku ile ile Mishi aliponipa barua yako. Nilifuta, nikafuta na maneno ya Nzilani, nikamfungia asiweze kuniandikia. Nikadhani nimemaliza kazi.

Kesho yake Mwangangi akaingia kibandani kwangu. Amevaa shati la kanisani, siku ya kazi. Alinisalimu, akamwulizia mama, akaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Ndinda, ile video nzuri ya mikono imeenda wapi?"

Nikasema, "Niliitoa tu, ilikuwa imezeeka."

"Kitu kizuri hakizeeki. Lakini hakuna shida, mimi niko nayo."

Akanionyesha. Aliihifadhi kwenye simu yake. Akaikuza kwa vidole viwili hadi kile kidole chako kikajaa kioo chote, halafu akanitazama mimi, si simu. Nilihisi maji ya moto yakinishuka miguuni, na sitakuficha, nilijikojolea, nikakaa pale pale asijue. Akasema wala hanikasirikii. Akasema mke akipotea mume hutafuta, hata Maandiko yanajua. Ana vipuri vya simu vya kuuza Kitui, kwa hivyo ataanza kutembelea masoko ya huko, moja baada ya jingine. Alipokuwa akitoka ndipo akasema lile neno. Mimi mwenyewe nimelisikia sasa.

Nilikimbilia polisi, safari hii askari wa kike akaandika kila kitu na kuniambia nikuambie uhame. Uhamie wapi? Hakuniambia.

Kila nikifumba macho naiona ile video ikienda. Watu waliisambaza sana kabla sijaifuta, wako nayo Machakos, wako nayo Mombasa, siwezi kuirudisha. Nilikuwa najisifu juu ya jambo hilo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nisikilize, kwa sababu nimekaa na kitu hiki hadi kichwa kinauma.

Mwalimu alitufundisha kufanya bidhaa yako itambulike kati ya nyingine elfu. Tulifaulu. Sasa nataka kufanya kinyume. Nataka kila mwanamke kuanzia hapa hadi Ikutha asuke mstari wa mama yako. Nitaanzisha mashindano kwenye peji, zawadi iwe kwa atakayeukata vizuri. Nitalipia tangazo Kitui nzima, Makueni, Machakos. Kila atakayesuka aweke picha na aandike soko lake. Mwangangi akienda kuutafuta, aukute kila mahali.

Najua ninachokuomba.

Ndinda


Mutomo
12 Oktoba 2025

Ndinda,

Hapana.

Nilitoka kwa yule mtu nikimshika mtoto mkono, na nguo za kubadilisha mara moja. Mama alikuwa ameshakufa, picha zake zilibaki kule. Ule mstari ndicho kitu pekee cha kwake nilichotoka nacho, kwa sababu hakikuhitaji begi. Sasa unataka niutupe barabarani kila mtu aokote, kisha mtu wa Machakos ashinde zawadi kwa kuukata vizuri kuliko mwenyewe? Wewe huoni aibu? Kwanza unauza mikono yangu, sasa unauza mama yangu.

Nimeacha hapo nikalala. Naendelea leo, tarehe kumi na tatu.

Jana jioni Kalekye aliona gari la mgeni likisimama karibu na duka la mbele. Alichukua sare yake ya shule, akaikunja, akaweka kwenye mfuko wa plastiki, akaketi juu ya kitanda na mfuko mapajani akiningoja niseme twende. Lilikuwa gari la mtu wa soda. Ana miaka saba na anajua kufungasha.

Asubuhi nimeenda kwa Mama Kavindu, mwenye nyumba wangu, yeye ndiye mkubwa wa kikundi cha wanawake hapa. Nilimwambia yote, hata lile la ufunguo. Hakusema pole. Alisema, "Lete huo uzi mwekundu." Tumekaa chini kutwa nzima. Kwa hivyo tangaza hayo mashindano yako. Waambie hivi: suka nyekundu mpaka upana wa viganja viwili, acha mwanya wa kahawia wa upana wa kidole gumba, kisha rudi kwenye nyekundu. Wasiweke fundo kwenye mwanya. Mama hakupenda fundo.

Lakini kuna jambo tulilisahau sote wawili. Hata wanawake mia wakisuka, mishono yao italala upande mmoja na yangu upande mwingine. Ameshauliza, na wewe ukamjibu. Atageuza kila kiondo na kukitazama, namjua. Kwa hivyo kuanzia leo nasuka kwa mkono wa kulia. Kidole kilichopinda hakishiki uzi sawasawa, kinauma hadi kwenye kiwiko, na kazi inayotoka ni ya kuchekesha. Mama Kavindu amecheka hadi akafuta machozi. Vile vya zamani vilivyokuwa ndani tumevichoma. Sikutazama.

Bado nimekasirika. Lakini nimekukumbuka sana, na hasira haijaniondolea hilo.

Syombua


Mbumbuni
2 Novemba 2025

Mama Kalekye,

Mvua imeanza huku, na mambo yamewaka!

Wanawake wanasuka kama wamerogwa. Kila siku nafungua peji nakuta mwanya mpya: Kanyangi, Mwingi, Wote, Matuu. Mwanamume mmoja wa Makindu amesuka, wenzake wakamcheka, akashinda zawadi ya wiki. Nimefanya kila nilichofundishwa, ila kwa kuomba Mungu. Niliweka video saa ambazo watu wanapumzika, nikajibu kila komenti, nikawaomba wenye blogu za mapishi na za malezi waandike, na wakaandika bila kujua kwa nini namshukuru kila mmoja kama ameniokoa. Wamama wa kanisa letu wamebeba viondo hivyo hadi madhabahuni siku ya mavuno, mbele ya Mwangangi, na mimi nikiwa kwenye kwaya nikamtazama. Aliangalia kimoja, cha pili, cha tatu. Alikuwa anavigeuza.

Sasa nisikilize, ndiyo maana naandika haraka. Duka lake limefungwa tangu Jumatatu. Jirani yake anasema amebeba vipuri kwenye begi na kwenda Kitui. Mishi alimwona huko Kanyangi amesimama kati ya akina mama wa viondo na simu mkononi, anauliza, anavigeuza, anaondoka. Akitoka Kanyangi ataelekea kwenu. Usiende sokoni siku ya soko. Jifungie. Mwachie Mama Kavindu akuuzie.

Mishi ameniahidi kwamba atakufikishia hii kabla ya siku hiyo. Tafadhali iwe imekufikia.

Ndinda


Mutomo
9 Novemba 2025

Ndinda wangu,

Haikunifikia mapema. Mto ulijaa, gari la Mishi likakaa upande wa pili, na barua yako nimeipata sokoni kwenyewe, Mishi akinipa kwa mkono mmoja na kunivuta kwa mkono mwingine. Alikuwa amemwona akishuka. Alituingiza mimi na Kalekye nyuma ya marobota yake ya mikeka, akatuwekea mengine mbele, akaketi juu yake na kuanza kuita wateja kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Nilikuwa naona kwa mwanya mdogo kati ya mikeka miwili. Kwanza niliona viatu. Vilikuwa vimepakwa rangi, na mvua yote hii. Kisha nikasikia ile sauti yake ya shuhuda.

"Mama zangu, hamjambo? Natafuta fundi wa huu mstari."

Ndinda, walimvamia! Hawakumficha mtu, walikuwa wanauza. Huyu anamwekea kiondo mkononi, yule anamtundikia begani, mwingine anamwambia cha huyo kitaoza, chukua changu. Kila kimoja kina mwanya wa mama. Aligeuza cha kwanza, akakisogeza karibu na macho kutazama mishono. Akageuza kingine. Mama Kavindu akamwuliza, "Baba, unanunua kiondo au unakipima malaria?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mkono wangu wa kushoto ulianza kutetemeka hadi mkeka ukawa unatikisika. Sikuweza kuuzuia. Kalekye ndiye aliyeuona. Alikuwa ameshaisikia sauti ya baba yake na nilikuwa nikiomba kwa moyo wangu wote asiseme kitu, maana mtoto ni mtoto, wakati mwingine bado humwulizia. Hakusema. Alichukua huo mkono kwa mikono yake miwili, akaukalia.

Kisha akafika kwenye kiondo changu. Changu, Ndinda. Kile cha mkono wa kulia, kilichopinda upande, mwanya umetoka mpana kama mdomo wa kibogoyo. Kilikuwa mwisho wa mkeka wa Mama Kavindu kwa sababu aliona haya kukiweka mbele. Akakiokota. Akakigeuza. Alikishika kwa muda mrefu, dole gumba lake likipita juu ya mishono ile niliyoishona kwa kidole alichokivunja yeye.

"Hiki amesuka nani?"

Mama Kavindu akasema, "Hicho ni cha mtu anayejifunza. Nikupunguzie?"

Akakirudisha. Akajifuta mikono kwa leso. Akanunua kimoja cha Mama Kavindu, kizuri, akauliza gari la Ikutha linatokea wapi, akaenda. Mishi hakutufungulia mpaka gari lilipoondoka na hata baada ya hapo akangoja kidogo.

Sijui atarudi lini. Yule askari wa kike wa kwenu ametuma mwenzake wa huku, ameandika maelezo yangu, safari hii nimeulizwa maswali kama mtu. Lakini sijahama, na silali vizuri. Gari likisimama nje bado nasikiliza mlango wake unavyofungwa. Usinitumie sifa za peji tena kwa sasa. Nitumie uzi.

Nimalizie kwa jambo la jana. Nilikuwa nasuka, Kalekye akaja akaketi karibu nami, akasema anataka kujifunza mstari wa nyanya yake. Nikamwanzishia kitako cha kiondo kidogo. Akachukua uzi kwa mkono wa kushoto. Nikauhamishia kulia, polepole. Akaurudisha kushoto. Nikauhamisha tena. Akanitazama, akaurudisha kushoto, akaanza kusuka, na mishono ikalala kama yangu ya zamani, na kama ya mama yangu.

Niliinuka nikafunga mlango. Kisha nikarudi nikaketi, nikamwacha asuke.

Wako,
Syombua